Majina Yamebandikwa Ukutani

"Mama, hapa hatuiti majina. Majina yamebandikwa ukutani."

Ilikuwa saa saba mchana. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kliniki ya macho tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tumbo tupu, kwa sababu nilisikia mtu akisema anayepasuliwa hatakiwi kula. Kulia kwangu alikaa bibi mmoja wa Ukerewe, jina lake Nabwire, aliyevuka kwa meli siku iliyotangulia akiwa na kifurushi cha dagaa na kanga mbili. Tulikuwa tumeshapiga soga mpaka soga zikaisha. Wote wawili tulikuwa tunasubiri madaktari wageni, wale wanaokuja mara mbili tu kwa mwaka kupasua macho, wakapasua siku chache, wakaondoka.

"Ukutani wapi?" nikamuuliza nesi.

"Si hapo juu ya vichwa vyenu!"

Nikasimama, nikapapasa. Kweli kulikuwa na karatasi, imebanwa kwa pini nne. Nilisogeza pua mpaka ikagusa ukuta. Niliona kijivu, kama maji yaliyooshewa vyombo.

"Nesi, hii ni kliniki ya nini?"

"Ya macho."

"Na sisi tunaumwa nini?"

Mtu wa benchi la nyuma akacheka. Nesi akasema ningemwomba mtu anisomee.

"Nimwombe nani? Hawa? Wangekuwa wanaona wangekuja hapa kufanya nini?"

Sasa benchi zima likacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia atazame kama jina langu limo. Akapitisha kidole. "Adventina. Namba kumi na moja. Ulitakiwa uingie mlango namba tatu saa mbili asubuhi. Hukujitokeza."

"Na Nabwire?"

"Kumi na mbili. Naye hakujitokeza."

"Hakujitokeza? Amekaa chini ya jina lake!"

Nesi akaniambia nisimpandishie sauti. Madaktari walikuwa wanafunga vifaa vyao, ndege yao ni jioni, watarudi baada ya masika. Halafu akaongeza, naye sasa amekasirika: "Maelekezo yote yalikuwa kwenye tangazo. Tumelipeleka kila mahali. Mpaka kwenye intaneti tumeweka."

Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia. Nilibandua karatasi ile, pini zikatawanyika sakafuni, nikamsukumia mkononi. "Soma! Kwa sauti! Jina la kwanza mpaka la mwisho!" Alikataa. Nilipiga kelele mpaka mlinzi wa getini akaja mbio na rungu lake. Alipoona ni mwanamke mmoja na karatasi moja, akaichukua, akaisoma yeye, polepole, kama mtu anayesoma somo kanisani. Kila jina alilotaja akasubiri kidogo. Tulinyoosha mikono watu watano. Watano tulikuwa tumekaa pale tangu asubuhi, tunasikiliza mlango, na hakuna aliyetuita.

Bibi Nabwire akaniuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, kwa hiyo leo hawanipasui?"

Nikainama, nikaanza kuokota pini sakafuni kwa kupapasa.

Naandika haya sasa naona. Naona nzi kwenye kikombe changu, naona mpaka miguu yake. Nakuandikia wewe ambaye ukungu umeanza kuingia machoni na watu wanakuambia ni usingizi, na wewe ambaye umekaa kwenye benchi unasubiri kuitwa. Soma mpaka mwisho, kuna kitu nimekuwekea huko.

Kwangu ulianza msimu wa kumbikumbi, Koku wangu akiwa na miezi minane. Taa zikaota manyoya. Nikawa namimina chai pembeni ya kikombe. Nikatia chumvi kwenye uji nikidhani ni sukari, mume wangu Masalu akaunywa wote bila kusema kitu, ndivyo alivyo. Mwanzoni nilicheka. Jua la mchana ndilo lililonitesa: kadiri lilivyowaka ndivyo nilivyozidi kutoona, kila kitu kikawa cheupe kama mtu amenimwagia unga usoni. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Daktari aliponiambia ni mtoto wa jicho, na yumo kwenye macho yote mawili, nilimwambia hapana, huo ni ugonjwa wa vikongwe, tafuta mwingine.

Sababu alinieleza, mimi sitaieleza, si kazi yangu. Nitasema moja tu. Yale matone niliyokuwa nanunua mwenyewe kila macho yakiniwasha, mwaka mzima, daktari aliyashika, akayasogeza kwenye mwanga, akayatupa kwenye pipa. Miaka ile maduka ya dawa yalikuwa yamechipuka kila kona ya mji, na mwenye duka anakuuzia unachomwonyesha kwa kidole. Usinunue.

Mama mkwe naye alikuja na dawa yake kutoka Buswelu, anakokaa na ng'ombe wake. Dawa yenyewe ilikuwa maziwa yangu. Kwao maziwa ya mama anayenyonyesha yanatiwa kwenye jicho bovu. "Lala chali, Mama Koku." Basi nalala chali, nakamuliwa kama mmoja wa ng'ombe wake, matone mawili jicho hili, mawili jicho lile, na Koku pembeni analia kwa sababu anaona chakula chake kinamwagwa usoni kwangu. Tulifanya hivyo wiki mbili. Hakikupona kitu. Lakini sitaki kumsema vibaya. Mikono yake ilikuwa laini, na miezi ile hakuna mtu mwingine aliyenishika uso.

Nyumba yetu iko Ilemela, juu ya mawe. Kupanda ni njia ya mbuzi. Magoti yangu yakawa na vidonda visivyokauka. Jumapili moja Masalu, ambaye alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara na siku ya mapumziko hulala tu, alirudi na ndoo ya chokaa. Akapaka mawe yote ya njiani, kuanzia bombani mpaka mlangoni, kushoto na kulia. Kesho yake asubuhi nikatoka nje na nikaiona njia. Nyeupe huku, nyeupe kule, katikati nyeusi ndipo pa kukanyaga.

"Sikukuomba," nikamwambia.

"Najua," akasema, akaenda kazini.

Kando ya ziwa hili kazi ya kwanza ya mama ni kumchambulia mtoto miiba ya samaki. Mimi nilikuwa nachambua kwa vidole. Koku alipofika mwaka na nusu nilimlisha sato, nikiwa na uhakika nimepapasa kila mahali, na mwiba ukamkwama kooni. Sitasahau sauti ile. Bahati mama mkwe alikuwepo. Alifinyanga tonge la ugali akamsukumia, akampiga mgongoni, mtoto akatapika. Kisha akamfunga mgongoni na kanga.

"Mwanangu, sikuchukii. Lakini huyu naenda naye Buswelu mpaka macho yako yafunguke."

Nilimgeukia Masalu. Akanyamaza. Kunyamaza kwake njiani na chokaa nilikupenda, kunyamaza kwake siku ile nilikuchukia. Kuanzia hapo nilitaka kupasuliwa kwa sababu moja: mtoto wangu arudi.

Sasa ujue, wakati wote huu nilikuwa nafanya kazi. Nilimaliza kidato cha nne, na shuleni nilijifunza kupiga chapa bila kutazama vidole, hilo ndilo lililoniweka mjini. Bosi wangu, Bwana Fumbuka, alikuwa na steshenari pale Nyamagana: kuchapa barua, kudurufu, kupiga muhuri. Mambo yalipofunguka na kila mtu akaanza kufungua biashara, yeye akaleta modemu, akaandika mlangoni INTANETI kwa rangi nyekundu. Tukaanza kutengeneza kurasa za wateja: hoteli, viwanda vya samaki, hata hospitali. Mimi nilizipanga pua ikiwa kwenye kioo, herufi nimezikuza mpaka neno moja linajaza mstari.

Laini ya simu ilikuwa nzito kama mtu mmoja anayevuta wavu wa kokoro peke yake. Kwa hiyo bosi aliweka sheria: kompyuta zote picha zizimwe. Ukifungua ukurasa unaletewa maneno tu, na mahali pa picha panakuja kiboksi kitupu. Kila mwenye modemu niliyemjua alifanya hivyo hivyo. Na hapo hapo wateja wetu walikuwa na ugonjwa wao: walitaka muhuri uonekane. Tangazo lisilo na muhuri kwao si tangazo. Basi mteja akileta karatasi yake tulikuwa hatuichapi upya. Tunailaza kwenye skana, inakuwa picha, tunaiweka kwenye ukurasa na muhuri wake. Siku ya kumwonyesha tunawasha picha, tunasubiri, muhuri unashuka kidogo kidogo, mteja anatabasamu. Akishatoka tunazima.

Unaona kinachokuja? Mimi sikukiona.

Siku moja baada ya kelele zile za kliniki, Dada Eveta alipiga simu ofisini. Eveta haoni kabisa tangu utotoni, surua ndiyo iliyomchukulia macho. Alikuwa opereta wa simu kwenye benki moja hapo hapo Nyamagana, na hakuna mtu mjini aliyejua namba nyingi kichwani kuliko yeye. Mchana alikuwa anakuja ofisini kwetu na fimbo yake nyeupe nimsomee barua pepe kutoka kwa rafiki aliyesoma naye uopereta ng'ambo. Siku hiyo nilimmwagia yote: ukuta, mlinzi, Bibi Nabwire.

"Na wanasema wameweka kwenye intaneti!" nikapayuka. "Nimefungua ukurasa wao sasa hivi. Hakuna kitu! Kiboksi!"

"Nani aliwatengenezea ukurasa?"

"Sisi."

"Sisi nani, Mama Koku?"

Nikakumbuka. Karani wa hospitali alileta karatasi, bosi akasema skani hiyo wanaitaka leo. Niliilaza kwenye kioo cha skana uso chini, nikaipa jina "tangazo mbili", nikaiweka. Sikuisoma kwa sababu nilikuwa siwezi kuisoma, na sikutaka mtu ajue kwamba siwezi. Ndani yake, nilikuja kujua, mlikuwa na kila kitu: msile, njooni na mtu wa kuwaongoza, majina hayataitwa, someni ukutani, mlango namba tatu. Zahanati za misheni za visiwani zilifungua ukurasa ule, picha zimezimwa kama kwetu, zikaona kiboksi. Padri wa kwao Nabwire alimwambia tu, nenda, madaktari wamefika.

"Mimi," nikamwambia Eveta. "Niliweka mimi."

Nilitegemea anionee huruma. Alicheka mpaka nikasikia simu nyingine zinaita mezani kwake. "Basi vizuri," akasema. "Mkosaji tumempata, na anajua kuchapa. Kesho nakuletea kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa anwani ya ukurasa. Rafiki yake alikuwa amemtumia: mwongozo wa namna ya kuandika kurasa ili asiyeona naye asome, kwa mashine inayosema. Jamani, mashine inayosema! Mwanza hatukuwa nayo. Lakini Eveta akasema mashine ni mimi.

"Nisomee kama mashine. Usinisomee kama mtu. Anza juu, shuka mpaka chini, usiruke, usinifafanulie."

Tukaanza na ukurasa wa hoteli, kazi ya mikono yangu, niliyojivunia. "Kiboksi," nikasoma. "Kiboksi. Kiboksi. Bonyeza hapa. Bonyeza hapa. Bonyeza hapa. Karibuni sana."

"Karibuni wapi?"

"Hotelini."

"Umeambiwa usifafanue. Karibuni wapi?"

Haikuandikwa popote. Jina la hoteli lilikuwa ndani ya picha.

Nikwambie, tangu nitoke shule sikuwahi kufurahi namna ile, na nilikuwa nimefurahi katikati ya hasira, vyote pamoja. Niligundua kwamba nyuma ya kila picha, kwenye maandishi ya ndani ambayo msomaji hayaoni, kuna nafasi ya kuandika maneno, na maneno hayo yanasomwa picha isipokuja. Nafasi hiyo ilikuwepo siku zote, na mimi nimekuwa naiacha wazi! Nikagundua kwamba "bonyeza hapa" si neno la kumwambia mtu. Mwambie "vyumba", mwambie "jinsi ya kufika". Nikagundua kitufe cha Tab. Kitufe nilichotumia miaka yote kupanga majedwali kilikuwa kinaruka kutoka kiungo hadi kiungo, yale maneno ya kubonyeza, na mimi kile kishale cha maus nilikuwa sikioni kabisa, nilikuwa nakisaka kwenye kioo kama kuku aliyepotea. Nilipobonyeza Tab kwenye ukurasa mara ya kwanza na mwanga ukaruka nilipoutaka, nilipiga vigelegele ofisini. Mteja aliyekuwa anadurufu cheti akaangusha karatasi.

Kisha rangi. Mwongozo ulisema maandishi yatofautiane sana na yaliyo nyuma yake. Nikasema, haya si ndiyo mawe ya Masalu? Ukurasa wangu wa kiwanda cha samaki ulikuwa wa bluu juu ya bluu kwa sababu mwenyewe alitaka ziwa. Nikaugeuza: mweupe nyuma, herufi nyeusi. Kwa mara ya kwanza nikausoma bila kugusa kioo kwa pua.

Bwana Fumbuka hakufurahi. "Mama Koku, Mwanza hii vipofu wangapi wana kompyuta?"

"Bosi, wewe unaona?"

"Naona vizuri sana."

"Kaa hapa. Fungua ukurasa wa hospitali. Nisomee tangazo."

Akakaa. Kiti kikalia. Akatazama kiboksi. Akasogea karibu na kioo.

"Hakuna kitu," akasema.

"Basi na wewe kipofu."

Alinitazama nikadhani ananifukuza. Akainuka, akasema nitumie saa za chakula, na nisiwaguse wanaopenda muhuri. Niliwagusa wote. Nilichapa upya kila karatasi, muhuri nikauacha pembeni kama pambo, na nyuma yake nikaandika "Muhuri wa hospitali." Nikimaliza ukurasa nampigia Eveta, namsomea kwa simu juu mpaka chini. Ndicho kilikuwa kipimo chetu. Ukurasa usioweza kusomwa kwenye simu ukaeleweka haujamalizika.

"Picha ya hoteli," nikasoma siku moja, najiona fundi.

"Ya hoteli nini? Ina ghorofa? Iko ufukweni? Au nije nipapase?"

"Dada Eveta, mashine hazitukani."

"Zikikaa na wewe zitajifunza."

Mvua za masika zilinikuta nusu ya kurasa nimeshazigeuza na macho yangu yamezidi kuharibika. Kila Jumapili nilikwenda Buswelu. Koku alikuwa amejifunza kunishika kidole na kunivuta, "Mama, jiwe. Mama, shimo." Mtoto wa miaka miwili hajatimiza. Nikirudi nyumbani nilikuwa nampigia Masalu kelele kwa kila kitu, sufuria, maji, mlango, na yeye anazidi kunyamaza, mpaka siku moja akasema, "Andika."

"Niandike nini?"

"Unayoniambia mimi. Waandikie wao. Mimi sikubandika kitu ukutani."

Nikaandika. Kurasa tatu za moto. Nikamsomea Eveta kwenye simu, kwa kipimo chetu, bila kuruka. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Hayo ni matusi mazuri," akasema. "Sasa niambie, mimi ndiye mganga mkuu, nimeshakusikia. Kesho asubuhi nifanye nini?"

Nilirudia mara tatu. Ya nne ndiyo niliyoipeleka, nimeichapa kwa herufi kubwa kama za mabango. Karani wa masijala alipoipokea akainyanyua kwa ncha za vidole. "Mama, barua gani hii, imekula kurasa nne? Maoni yanawekwa kwenye sanduku la maoni, lile pale."

"Haya si maoni, ni malalamiko. Na sanduku lenu lina kufuli lenye kutu. Lilifunguliwa lini?"

Hakujua. Nikamwambia simwachii barua mpaka aisome mbele yangu, kwa sauti, kisha apige muhuri nakala yangu. Alisema hana muda. Nikakaa sakafuni mbele ya dirisha lake. Watu waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakaanza: "Msomee bwana, tuondoke." "We karani, hujui kusoma?" Akasoma. Alianza kwa kunong'ona, foleni ikamwambia paza sauti. Alipofika aya ya mwisho alikuwa ameacha kuharakisha. Akapiga muhuri mara mbili, wa kwanza ulikuwa haujakolea. Nilipitisha kidole juu yake nikasikia unyevu wa wino.

Madaktari walirudi kiangazi. Tangazo lao nililiandika mimi, kwa maneno, na zahanati za visiwani zililisoma, najua kwa sababu walikuja wengi. Asubuhi ile nesi yule yule alitoka mlangoni na karatasi mkononi. Alisafisha koo. Akaanza kuita.

Mimi nilikuwa wa pili. Wa kwanza utamjua ukisoma barua.

Kuhusu upasuaji usiogope. Unasikia mtu anakugusa, unasikia maji, unasikia madaktari wanazungumza habari za chakula. Jicho la kwanza siku hiyo, la pili siku tatu baadaye. Bandeji ilipotolewa kitu cha kwanza nilichoona ni kidole cha nesi, na kucha yake ilikuwa na mstari. Nikalia. Jirani yangu wa kitanda cha pili alikuwa anatazama kanga yake, anaigeuza, anaigeuza tena. "Kumbe ina ndege," akasema. "Nimeivaa mwaka mzima."

Nyumbani nilikuta uchafu wa kutisha. Kuta! Masizi! Masalu alikuwa ameota kitambi na hakuna aliyeniambia. Mama mkwe alimleta Koku mwenyewe, na sato mkubwa kwenye kapu. Alikaa jamvini, akanitazama ninavyochambua. Nilitoa miiba yote, nikaipanga kwenye ukingo wa sahani mmoja mmoja ili aione. Akaitazama. Kisha akanyoosha mkono akachukua kipande kutoka kwenye vidole vyangu, akala yeye.

Watu wa kliniki wananiomba nakala ya barua. Ndicho nilichokuahidi. Badilisha majina, uitumie. Ilikuwa hivi:

Adventina,
Ilemela, Mwanza.

Mganga Mkuu,
Kupitia Masijala.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAJINA YA WAGONJWA WA MACHO KUBANDIKWA UKUTANI NA TANGAZO KUWEKWA KWENYE INTANETI KAMA PICHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mgonjwa wa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari wageni walipokuja kabla ya masika, nilikaa kwenye benchi la kliniki kuanzia asubuhi mpaka saa saba mchana. Jina langu lilikuwa ukutani, juu ya kichwa changu. Sikuliona. Wenzangu wanne hawakuyaona yao. Imeandikwa kwamba hatukujitokeza. Naomba maneno hayo yafutwe na paandikwe kwamba hatukuitwa.

Nalalamikia kliniki kwa kumpa asiyeona karatasi asome. Naomba kuanzia sasa nesi asimame mlangoni, asome majina yote kwa sauti, na arudie mara ya pili kwa ajili ya wasiosikia vizuri.

Nalalamikia pia tangazo lililowekwa kwenye intaneti. Lilikuwa picha ya karatasi yenye muhuri. Zahanati hazikuweza kulisoma, na wagonjwa walitoka visiwani bila kujua watakachokuta. Naomba tangazo lijalo liandikwe kwa maneno.

Aliyeweka picha hiyo bila kuisoma ni mimi mwenyewe. Naomba malalamiko haya yahesabiwe dhidi yangu pia. Nimeanza kurekebisha, na tangazo lijalo nitaliandika bure.

Mwisho, yuko mgonjwa anaitwa Nabwire, wa Ukerewe, namba kumi na mbili. Alikosa kwa kosa lenu na kwa kosa langu. Mimi nina mtoto anayenisubiri, na nina haraka kuliko ninavyoweza kuandika. Hata hivyo naomba madaktari wakirudi aitwe yeye kwanza. Aitwe kwa sauti, jina lake lote. Akichelewa kuinuka, asubiriwe.

Baada yake niitwe mimi. Nitakuwa nimekaa kando yake, benchi la kwanza, chini ya ukuta.

Adventina,
mgonjwa namba kumi na moja.